Fundi wa Madishi na Shamba la Mama Yake

Ukimwita kwa jina lake hakuitika. Si kwa kiburi, nadhani masikio yake yalikuwa yamelisahau. Mkuyuni nzima tulimwita Fundi. Mafundi tunao wengi, wa pikipiki, wa cherehani, wa viatu, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamtafuta mama mmoja mwembamba wa miaka sitini na kitu, kanga kiunoni juu ya suruali ya kazi, spana imechomekwa mkandani. Alikuwa fundi wa madishi. Dishi lolote unaloliona kuanzia sokoni hadi vijiji vya juu mlimani, ama alilifunga yeye, ama alilirekebisha baada ya mtu mwingine kulifunga ovyo, na hili la pili hakusahau kukuambia.

Mimi nina kibanda umiza. Kwa asiyejua, ni banda la mabati lenye mabenchi na televisheni mbili, watu wanaingia kuangalia mpira wakiwa wamebanana mpaka magoti yanauma. Na mimi ni mtu wa hasira, nisifiche. Picha ikikatika dakika ya themanini, watu hawamlaumu mwenye setilaiti, wanamlaumu mwenye banda, tena wanamtajia na mama yake. Kwa hiyo miaka kumi na miwili nimemhitaji yule mama kuliko nilivyomhitaji daktari. Nayasema haya mapema kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho Fundi aliogopa kukipoteza, shamba la mama yake huko mlimani, na siku kilipopotea mkono wangu ulikuwemo. Nitafika huko. Kwanza mumjue.

Fundi hakugusa dishi la mtu kabla ya salamu. Unaweza kuwa unaungua, banda limejaa, watu wanapiga mabenchi, yeye anaingia pole pole, anakusalimia, anauliza watoto, anauliza mke, anauliza yule mbuzi aliyekuwa anaumwa. Kijana mmoja alimwambia "Mambo vipi" akiwa ameshafika katikati ya ngazi. Akashuka. Akakaa kwenye benchi, akafungua kopo lake la karanga, akawa anatafuna mpaka yule kijana aliposukumwa na wenzake akaja kusema "Shikamoo, Fundi." Akasema marahaba, akapanda. Tulikosa goli moja kwa ajili ya ile shikamoo.

Halafu akishapanda, hakuanza kazi. Alikaa juu ya paa akaangalia anga, hivi hivi tu, kama dakika tano au kumi. Mwanzoni nilidhani anasali. Nikawa napiga kelele kutoka chini, "Fundi, mpira umeanza." Anajibu bila kugeuka, "Mpira haujaniajiri, mwanangu." Baadaye ndiyo akanieleza kwamba alikuwa anatafuta majirani, yaani anajikumbusha setilaiti ipi iko wapi, ili akikosa aliyokuwa anaitafuta ajue amekosea kwa upande gani. Sisi tunaona mawingu, yeye alikuwa anaona mtaa.

Hilo neno mtaa ni lake. Siku ya kwanza kunieleza alichukua kipande cha mkaa jikoni kwa mke wangu, akachora mviringo ukutani, ukuta ambao nilikuwa nimeupaka chokaa wiki hiyo hiyo. Akasema, "Hii dunia. Hapa katikati inapita ikweta. Sasa setilaiti za televisheni haziko ovyo ovyo, zote zimepangwa juu ya ikweta, mstari mmoja tu, mbali huko, kilomita elfu thelathini na sita. Ukiiweka pale inazunguka sawasawa na dunia inavyozunguka, kwa hiyo wewe chini unaiona imesimama. Ndiyo maana dishi lako nalifunga nalikaza naondoka. Ikiwa chini zaidi inakukimbia, ikiwa juu zaidi inachelewa. Pale pale tu."

Nikamwambia basi anga ni kubwa, kila mtu si aweke yake.

"Anga kubwa, mstari mmoja," akasema. "Na wakikaribiana sana wanaingiliana, wewe unasikia mahubiri kwenye mpira. Kwa hiyo wanaachiana nafasi, digrii mbili, digrii tatu. Hesabu mwenyewe kama viwanja vinatosha."

Akaniambia kwamba kiwanja cha angani kampuni haiokoti. Kampuni inapitia kwenye nchi, nchi inaandikisha, na ombi linakwenda kwenye ofisi kubwa ya dunia yenye daftari la viwanja vyote. Aliyeomba mwanzo anasikilizwa mwanzo. Lakini anapewa miaka saba. Miaka saba ikipita hujaweka setilaiti yako pale, jina linafutwa, anapewa anayetaka kupatumia. Hapo alicheka, na Fundi akicheka alijifunika mdomo kwa kanga kwa sababu ya jino moja la mbele lililokuwa halipo.

"Na wajanja wapo," akasema. "Miaka inakwisha, setilaiti yao mpya bado iko kiwandani. Wanafanyaje? Wanakodi setilaiti kuukuu ya mtu, wanaisogeza pole pole mpaka kwenye kile kiwanja, inakaa, hata kazi ya maana haina. Daftari linasema pametumika. Wameokoa."

Mimi kilichonishangaza zaidi ni kitu kingine. Nilimuuliza kwa nini kampuni zing'ang'anie sehemu fulani badala ya kwenda kwenye nafasi iliyo wazi. Akaniuliza, "Wewe banda hili ukilihamishia Msamvu mjini kesho, hawa wateja watakufuata?" Nikasema hawatanifuata. "Basi na wao hivyo hivyo. Madishi ya watu yameshaelekea upande mmoja, maelfu kwa maelfu, huko ndiko kampuni inataka kukaa. Ndiyo maana kwenye kiwanja kimoja unakuta setilaiti mbili, tatu, zimebananishwa, dishi moja linazipata zote. Kiwanja kiko juu lakini thamani yake iko hapa kwenye mabati yetu." Ule mchoro wa mkaa niliuacha, mke wangu akanung'unika mwezi mzima.

Alijifunzia wapi haya sijapata kujua. Mara alisema padri mmoja wa misheni alimfundisha, mara fundi wa zamani wa Msamvu aliyekuwa anampikia, mara aliokota kitabu. Nadhani yote yalikuwa kweli kidogo kidogo. Kiingereza chake kilikuwa cha maboksi ya ving'amuzi, lakini maneno yaliyokuwa kwenye maboksi aliyajua yote.

Kuna mwaka, mwezi wa tisa, alipita bandani akaniambia, "Kuanzia kesho kutwa, saa sita na nusu mchana, picha itaondoka dakika chache. Siku tatu, nne. Usiniite, usiguse kitu." Nikamuuliza kwa nini. Akasema jua litapita nyuma ya setilaiti, dishi litakuwa linaliangalia jua lenyewe, litapofuka, halafu litapona. Mimi nikaitikia tu, moyoni nikasema huyu mama sasa anazeeka. Kesho kutwa ikafika, saa sita na nusu, jua kali, hakuna wingu, picha ikapukutika ikaondoka. Wateja walikuwa wachache, lakini mmoja akasema hii ni kazi ya mwenye banda la pili, kanifanyia mambo. Hasira zikanipanda. Nikapanda na mimi, nikalegeza bolti, nikalizungusha dishi nitafute mwenyewe. Picha haikurudi dakika ya kumi, haikurudi jioni. Nilipomwita Fundi alikuja, akanisalimia, akauliza mbuzi, akaangalia lile dishi lilivyogeukia kwa Wazaramo huko pwani, akanywa maji, akaondoka. Aliniacha siku mbili bila picha. Siku ya tatu akalifunga bila kusema neno, na mimi tangu hapo bolti siigusi.

Usidhani alikuwa mtu wa kuelewana naye kirahisi. Aliweza kukwea paa la kanisa lenye utelezi, lakini daraja la magogo la mtoni alilivuka kwa kutambaa, spana ikiwa mdomoni. Jumapili hakufanya kazi, hiyo sheria alikutangazia kabla hujamwomba, halafu ukimkuta Jumapili mchana yuko juu ya paa la mjane fulani anasema hii siyo kazi, hii ni kusalimia. Kampuni za televisheni alizitukana kutwa nzima, wezi, waongo, mabadiliko kila mwaka, lakini mteja akizitukana mbele yake alizitetea: "Unajua kurusha kitu kile mpaka kule juu ni mchezo? Wewe hata mwembe hupandi." Na nyumbani kwake hakuwa na televisheni. Chumba kimoja nyuma ya soko, kitanda, redio, na maboksi ya waya. Nilipomuuliza, alisema ya nini, yeye anajua zilipo.

Sasa shamba.

Fundi ni mtu wa milimani, Mluguru wa juu kabisa, na kwao ardhi inafuata mama. Shamba ni la ukoo, wenyewe wanauita lukolo, na mkubwa wa ukoo, mjomba wao, ndiye anayejua ngazi hii ya nani na ile ya nani. Mama yake alimwachia kipande upande wa jua, ngazi tisa zilizochimbwa kwa mkono kwenye mteremko, maharage, magimbi, migomba. Lakini ukilipewa ni la kulima. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli mjomba anachagua siku, anapita kipande kwa kipande, na kila mwanamke anakuwa amesimama kwenye chake na jembe lake. Pasipo na mtu, penye majani matupu, mjomba anaweza kumpa mwingine wa ukoo huo mwenye watoto wa kulisha. Hakuna ugomvi, hakuna mahakama.

Na Fundi alikuwa halimi. Angelima saa ngapi? Mwaka mzima alikuwa juu ya mapaa ya watu. Lakini kila alipoongea habari ya uzee wake alisema atarudi huko, atajenga chumba kwenye ngazi ya tatu, atakaa aangalie ukungu unavyopanda asubuhi. Hicho tu ndicho alichokuwa nacho. Mtoto hakujaliwa, mume alishatangulia. "Nikishindwa kupanda ngazi za watu," aliniambia, "nina zangu tisa."

Kwa hiyo alifanya ujanja. Aliniambia mwenyewe akicheka nyuma ya kanga. Kila mwaka, siku moja kabla ya mjomba kupita, alipanda mlima na jembe na machipukizi matatu ya migomba. Anachimba ngazi moja ya mbele, inayoonekana njiani, anachomeka migomba yake mitatu, kesho yake anasimama pale na jembe, mjomba anapita, anaona udongo umegeuzwa, anaguna, anaendelea. Halafu Fundi anarudi Mkuyuni. Migomba inaliwa na nyani. "Nimeweka setilaiti kuukuu," alisema, akafurahi sana siku hiyo. Miaka saba, minane, alifanya hivyo. Kipande cha jirani yake kilikuwa cha mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, mwenye watoto wanne na ngazi tatu nyembamba. Fundi alimsifia huyo binti. "Ana mikono," alisema. Sijui kama aliwahi kufikiria hao watoto wanne wanavyoziangalia zile ngazi zenye majani. Mimi sikufikiria.

Mwaka juzi, yakaanza kupita maandishi chini ya picha: mteja wetu, chaneli zetu zinahamia kwenye setilaiti nyingine, wasiliana na fundi wako. Fundi alishajua. Setilaiti ile kampuni ilikuwa imekodi, na ilikuwa imechoka. Alinieleza kwamba ingawa tunaiona imesimama, mwezi na jua vinaivuta huku na huku, na kila baada ya muda inajipuliza kidogo kwa mafuta yake irudi kwenye kiwanja. Mafuta yakikaribia kuisha wanatumia yale ya mwisho kuisukuma juu zaidi, ikafie huko isiwagonge wenzake. Na kampuni yetu ilikuwa haikupata mbadala wa kuweka pale pale, ikapata nafasi mashariki zaidi. Dishi langu kubwa, ambalo miaka yote lilikuwa limelala karibu chali likiangalia utosini, kuku wangu aliwahi kutaga mle ndani, sasa lilitakiwa liinuke ligeukie mawio. Na si langu tu. Kila dishi la kampuni ile, Mkuyuni mpaka milimani.

Walizima Jumamosi alfajiri. Jumamosi hiyo jioni ilikuwa mechi ya watani wa jadi. Na Jumamosi hiyo hiyo, mjomba alikuwa anapita mashambani.

Saa moja asubuhi nilimwona Fundi anapita mbele ya banda, kikapu kichwani, jembe begani, machipukizi yanachungulia. Alikuwa amechelewa siku nzima tayari, Ijumaa yote walimshika waliotaka madishi yao yageuzwe mapema. Nikatoka mbio. "Fundi, shikamoo. Kwangu kumekufa."

"Marahaba. Kwako kumekufa, na kwa wengine kumekufa. Leo siwezi. Leo mjomba anapita."

"Saa moja tu, Fundi. Wakija jioni wakute kiza watanivunjia banda. Saa moja, halafu nakupandisha mwenyewe na pikipiki mpaka njia inapoishia. Utafika kabla ya mjomba."

Akaangalia mlima. Akaniangalia mimi. Nikaendelea kubembeleza, nikamwambia hakuna mwingine, vijana wanaojiita mafundi wangeniharibia, nikamshika mpaka mkono. Nakumbuka alivyoliegemeza jembe ukutani, pole pole, kama anamlaza mtoto.

Bolti zilikuwa na kutu ya miaka mingi. Saa moja ikawa tatu. Picha ilipokuja, safi kabisa, watu walikuwa wameshamwona juu ya paa, na huku kwetu Fundi akionekana juu ya paa ni tangazo. Wakaja mmoja mmoja. Fundi na kwangu, Fundi na kwa bibi mgonjwa, Fundi na msikitini wanataka mawaidha. Nami sikumtetea. Nilikuwa nashughulika na mabenchi. Alifunga kumi na moja siku hiyo. Saa tisa alirudi bandani, amechoka, akasema, "Twende sasa." Na mimi, Mungu anisamehe, nikaangalia banda lilivyoanza kujaa, nikamwambia, "Fundi, ngoja kipindi cha kwanza kiishe."

Alichukua jembe na kikapu chake akaondoka kwa miguu. Sikumwona akiondoka, niliambiwa. Mechi iliisha sare.

Habari niliipata kwa muuza ndizi aliyekuwepo mlimani. Mjomba alifika kwenye kile kipande mchana, akakuta mgomba mmoja umeanguka na majani yanafika kiunoni. Akauliza mwenyewe yuko wapi. Mtu mmoja akasema, bila ubaya, "Yuko Mkuyuni, juu ya paa." Mjomba akasimama pale muda mrefu, akawaita wanawake wengine, akauliza kama kuna anayepinga. Akampa yule mpwa wa Fundi ngazi zote tisa. Fundi alipofika, jua limeshazama, mpwa alikuwa ameshaanza kufyeka.

Jumatatu Fundi alikuwa kazini. Wiki tatu nzima aligeuza madishi ya watu kuelekea mashariki, hakubakiza hata moja, hakuniambia kitu. Na mimi sikuweza kusema. Mtu wa hasira kama mimi maneno ya kugombana ninayo tele, maneno ya kuomba radhi yananikaba. Nilimnunulia soda. Akanywa, akasema asante. Niliona aibu mpaka nikaingia ndani kujifanya natafuta rimoti. Masika yalipokuja goti lake likavimba, akawa anapanda ngazi kwa mguu mmoja na kuuvuta wa pili. Halafu siku moja chumba chake nyuma ya soko kikawa na kufuli, maboksi ya waya ameyagawa kwa vijana. Wakasema amekwenda kwao. Nikajiuliza kwao wapi sasa.

Nilikaa na hilo miezi kadhaa. Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilimwambia mke wangu afungue banda yeye, nikapanda. Pikipiki nikaiacha njia inapoishia, nikatembea saa tatu, mimi mtu wa kukaa kwenye kiti. Nilifika natweta. Nilimkuta Fundi amekaa chini, pembeni ya ngazi mbili za chini kabisa za kile kipande, jembe limelala mapajani, mguu mmoja ameunyoosha. Ngazi za juu saba zilikuwa zimelimwa vizuri, zimepandwa maharage, zinapendeza. Hizo mbili zilikuwa na majani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Watoto hawajambo? Mke? Mbuzi?"

Mbuzi alishakufa zamani. Nikamwambia. Akasema pole. Ndipo nikayatoa, yakatoka hovyo, nimekuja kuomba msamaha, mimi ndiye niliyekuzuia, ningekupandisha asubuhi ile ungemwahi mjomba, nimeshindwa kulala. Akaniacha nikamaliza. Akafuta uso kwa kanga.

"Wewe hukunizuia," akasema. "Siku niliijua. Ningeweza kupita njia ya nyuma ya soko, usingeniona. Nilipita mbele ya banda lako kwa makusudi." Akalisugua goti. "Nilitaka kubembelezwa, mwanangu. Huku juu hakuna aliyewahi kunishika mkono akaniambia hakuna mwingine ila wewe. Kule kwenu kila siku. Ndicho kilichonila, si wewe."

Nililia, nikiwa mtu mzima, mbele ya migomba ya watu.

Akanieleza hali ilivyo. Mpwa wake amempa chumba, anakula naye, hana neno baya naye. Aliomba kwa mjomba ampe Fundi ngazi hizo mbili ziwe zake, awe na chake, na mjomba alikubali kwa sharti lile lile la siku zote, azilime mwenyewe. Mpwa alitaka kumlimia kwa siri, Fundi akakataa. Akimlimia, alisema, zitakuwa za mpwa tena, watu wana macho. Asubuhi hiyo mpwa alikuwa ameshuka sokoni, zake zimeshalimwa, na Fundi alikuwa amejaribu tangu jua linachomoza. Alikuwa amechimba sehemu ya kutosha mtu kulala. Goti lilikataa. Na mjomba alikuwa anapita mchana huo huo.

Nikavua viatu. Akasema, "Unafanya nini?" Nikasema wewe mpwa wako anaweza kudai, mimi siwezi, mimi si wa kwenu, hata nikilima mlima mzima siwezi kuudai. Akanitazama, akanipa jembe.

Sijawahi kulima maishani isipokuwa shuleni kwa adhabu. Udongo wa kule ni mwekundu, unashika, na mteremko unataka kukumwaga bondeni. Nililima ngazi ya kwanza, akaniambia rudia, nimeacha mizizi. Nikarudia. Nikalima ya pili. Viganja vikapasuka malengelenge, damu ikaanza kulowanisha mpini, naye akawa anafuata nyuma yangu amekaa, anajiburura kwa makalio, anaokota majani na kuyatupa, anachomeka mbegu. Tulimaliza jua likiwa limepinda kidogo.

Tukawasikia kabla hatujawaona, kina mama wanaongea njiani, halafu mjomba mwenyewe, mzee mkavu mwenye fimbo, mbele yao. Nikalitupa jembe mbele ya Fundi. Akajishikiza kwenye mpini, akainuka, akasimama kwa mguu mmoja katikati ya ngazi yake.

Mjomba alifika, akaziangalia zile ngazi mbili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akachoma udongo kwa fimbo.

"Nani kalima hapa?"

"Mimi, mjomba," akasema Fundi.

Mzee akanigeukia, akaitazama miguu yangu myekundu mpaka magotini. "Na huyu?"

"Huyu mgeni wangu wa Mkuyuni. Kaja kunisalimia."

Nikarudisha mikono nyuma ya mgongo, viganja vinawaka moto, nikainamisha kichwa, nikamwamkia mzee.

"Marahaba," akasema, akaendelea na ngazi za jirani.